DALALI NI WA NANI?

Askari mara nyingi hukaa mbali na mahali anapotaka kujenga. Yeye yuko kambini au nchi ya ugenini akilinda amani. Nyumba anayoitamani iko Kamembe, wilayani Rusizi. Fedha ameziweka kidogo kidogo, au amekopa Zigama CSS, chombo cha akiba kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya wanajeshi. Basi humtafuta dalali, ambaye wengi humwita komisiyoneri. Hilo si kosa. Kosa ni kutomwuliza: unamtumikia nani?

Dalali anayelipwa na muuzaji hutaka bei ipande. Anayelipwa na pande zote mbili kwa siri, huyo njia mbili zilimshinda fisi. Hata dalali wa mnunuzi huweza kulegea iwapo ujira wake ni asilimia ya bei. Tuchukue mfano: nyumba ya faranga milioni 20, kwa asilimia 3, humpatia 600,000. Akijitahidi bei ishuke hadi milioni 18, wewe umeokoa milioni 2, naye amepoteza 60,000 kwa juhudi yake mwenyewe! Afadhali mpatane kiasi maalumu.

Mapatano hayo yaandikwe kabla ya kwenda kuona nyumba: dalali ni wa nani, atalipwa kiasi gani, na nani, lini, na mkataba utakoma siku gani. Huko Marekani, tangu Agosti 17, 2024, chama kikuu cha madalali kimewataka wanachama wake wawe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza. Nasi tujifunze. Ujira ulipwe baada ya ardhi kuhamishwa mbele ya noteri wa ardhi, si baada ya kuonyeshwa mlango.

Tena, maneno ya dalali si hati. Hakikisha namba ya kiwanja, na kwamba wote walioandikwa katika hati, mume na mke, wameridhia kuuza. Kando ya Ziwa Kivu kumbuka kwamba mita 50 kutoka ukingoni ni eneo la hifadhi. Dalali mwenye haraka huenda asiseme.

Ndugu wasikilizaji, askari haendi doria bila kujua nani yuko upande wake. Asiende sokoni bila kujua hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari.