Tumejua pa Kuzalia, Tujue na pa Kuanzia: Dalili za Mimba na Maandalizi ya Kumpokea Mtoto

Mada ya semina kwa wazazi watarajiwa wa Dzaleka na Area 18, Lilongwe

Utangulizi

Wengi wetu humu tumetoka Kivu, Burundi na Rwanda, na tunao wenyeji wetu wa Malawi. Kuna wanaoishi Area 18 na maeneo mengine ya Lilongwe, na kuna waliotoka Dzaleka, wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka jijini. Wapo pia waliokuwa na maisha yao Lilongwe wakarudishwa kambini kwa amri ya serikali ya mwaka 2023, na kliniki waliyoizoea ikawa mbali nao ghafla.

Naomba nianze na takwimu za Utafiti wa Demografia na Afya wa Malawi wa mwaka 2015–2016. Katika kila watoto 100 waliozaliwa hai, 91 walizaliwa kwenye kituo cha afya. Hiyo ni sifa kubwa kwa nchi hii. Lakini katika kila wajawazito 100, ni 24 tu waliofika kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Utafiti huohuo ulikadiria vifo vya kina mama 439 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Tumeshajua pa kuzalia. Bado hatujajua pa kuanzia. Ninachokuja kukisema leo ni kwamba maandalizi ya mtoto yaanze siku mama anapoingiwa na shaka kwamba ana mimba, si mwezi wa tisa anaponunua nguo.

1. Dalili za mwanzo na namna zinavyotupoteza

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya mimba tunayajua: kukosa hedhi, kichefuchefu, matiti kujaa na kuuma, uchovu usio na sababu, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na kuchukia harufu ya chakula ulichokipenda jana. Wengine hutamani udongo wa pemba. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo. Kwa hiyo ukijiona unatafuta pemba sokoni, mwambie mkunga. Asikuone mkosaji, apime damu.

Shida ya hapa kwetu ni kwamba dalili hizi hufanana na malaria. Mwili mzito, kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika: mama wa Lilongwe au wa Dzaleka akijisikia hivyo, hasa msimu wa mvua, hukimbilia dukani kununua vidonge. Kwa mwanamke aliyekosa hedhi, kipimo cha mimba kitangulie kidonge. Na popote utakapotibiwa, neno la kwanza liwe: huenda nina mimba. Hapo mhudumu atachagua dawa inayokufaa, na malaria nayo itapimwa badala ya kukisiwa.

Hesabu ya siku kila mmoja anaweza kuifanya nyumbani. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Hedhi ikiwa ilianza tarehe 10 Januari, tarajia mtoto karibu na tarehe 17 Oktoba. Ni makadirio, mtoto anaweza kuja wiki mbili kabla au baada. Lakini mama mwenye tarehe ana kitu cha kupangia safari na akiba, na mkunga mwenye tarehe anaweza kutambua mtoto anayekuja kabla ya wakati. Hilo lina uzito hapa: ripoti ya kimataifa ya mwaka 2012 kuhusu watoto njiti iliiweka Malawi juu ya nchi zote duniani, ikikadiria watoto 18 katika kila 100 huzaliwa kabla ya wiki 37.

2. Kliniki ya kwanza inatupa nini

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mjamzito aonane na mhudumu mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Kwa mama wa mfano wetu, hiyo ni kabla ya tarehe 4 Aprili hivi. Akisubiri tumbo lionekane, ameshapoteza nafasi ya kwanza na pengine ya pili.

Siku hiyo ya kwanza hupimwa shinikizo la damu, damu, mkojo, kaswende na virusi vya Ukimwi. Hutolewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, na chandarua. Kuanzia wiki ya 13 huanza dozi za SP za kukinga malaria, angalau mara tatu, zikipishana kwa mwezi. Malawi ndiyo iliyotangulia Afrika katika kinga hii, mwaka 1993. Mama anayetumia cotrimoxazole kila siku asimeze SP, amkumbushe mhudumu.

Kuhusu virusi vya Ukimwi, msiogope kipimo. Mwaka 2011 nchi hii ilianzisha utaratibu wa kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha yote, bila kungoja kinga yake ishuke, na nchi nyingi zikaufuata. Mama anayemeza dawa zake vizuri ana matumaini makubwa ya kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye na virusi.

Kituo cha afya cha Dzaleka kinahudumia kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, ambayo sasa ina zaidi ya 50,000, pamoja na vijiji jirani. Foleni ni ndefu na lugha si yetu. Tusikate tamaa kwa sababu hiyo. Nenda na jirani anayejua Kichewa, na ushike maneno machache ya kukuokoa ukiwa peke yako: *ndikutuluka magazi*, natokwa na damu; *mutu ukundipweteka kwambiri*, kichwa kinaniuma sana. Daftari lako la afya litunze kama hati ya kusafiria, kwa sababu ukitoka Dzaleka kwenda Dowa au Lilongwe, ndilo litakalokusemea.

3. Dalili ambazo hazingoji kesho

Zifuatazo zijulikane na kila mtu wa nyumbani, baba na mama mkwe wakiwemo:

- Damu kutoka ukeni, hata kidogo, katika umri wowote wa mimba.
- Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au degedege. Hizi ni dalili za kifafa cha mimba.
- Homa kali, au maumivu makali ya tumbo yasiyopoa.
- Maji kutoka kabla ya uchungu.
- Mtoto kuacha kucheza tumboni, au kucheza kwa kupungua sana.
- Uchungu uliodumu zaidi ya saa 12.

Ukiona moja, ondoka sasa. Tusikae kusubiri wazee wajadiliane. Tusinywe *mwanamphepo* wala dawa nyingine ya mitishamba ya kuharakisha uchungu. Huweza kukaza mfuko wa uzazi hadi ukapasuka. Uchungu uliokaa mno bila msaada ndio unaoacha wanawake na fistula, mkojo ukivuja mchana na usiku. Kama yupo jirani mwenye tatizo hilo, mwambieni asijifiche: katika hospitali ya Bwaila, Lilongwe, kuna kituo maalumu cha kuitibu.

4. Mkoba wa kujifungulia

Mezani hapa nimeupanga mkoba mzima, mje muushike. Vituo vyetu vina upungufu, na wakunga huwaomba wajawazito waje na vitu vyao. Huu ndio mzigo wa mama:

- Daftari la afya.
- Plastiki nyeusi ya kulalia wakati wa kujifungua, mita moja na nusu hivi.
- Wembe mpya ambao haujafunguliwa kwenye karatasi yake, na uzi safi wa kufungia kitovu.
- Vitenge vitatu au vinne vilivyofuliwa.
- Pedi au vitambaa safi, nguo za ndani, sabuni na beseni.
- Kikombe, sahani, chakula kidogo na pesa ya dharura.

Na huu ni wa mtoto:

- Vitenge viwili laini: cha kumkausha anapotoka, na kikavu cha kumfunika.
- Kofia, soksi, na nguo mbili au tatu.
- Nepi za kitambaa zisizopungua sita.
- Blanketi jepesi.

Kofia msiidharau. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake, na joto jingi hupotelea hapo. Anayetarajia Juni au Julai ajue kwamba usiku wa Dowa ni wa baridi kali kwa kichanga.

Nguo za kaunjika, yaani mitumba, hazina aibu. Ni nzuri na zinatufikia. Ila zifueni kwa sabuni na mzianike kwenye kamba, si juu ya majani wala chini. Yupo inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuvimbisha majipu. Pasi ya mkaa, ikipita kila pindo na kila mshono, huyaua mayai hayo. Mkimaliza kupiga pasi, fungeni nguo kwenye mfuko safi na msiufungue hadi siku yenyewe.

5. Pesa tusizitumie hapa

Chupa ya kunyonyeshea, maziwa ya kopo, poda, viatu vya kichanga na mafuta ya manukato si mahitaji. Msaada wa chakula kambini umepunguzwa, na kila kwacha ina kazi. Badala ya kopo la maziwa, nunua maharagwe, usipa, mayai, lengalenga na sombe ale mama. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, ayapate yale maziwa mazito ya manjano ambayo baadhi yetu tumekuwa tukiyakamua na kuyamwaga. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Kisha anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji, bila uji, bila maji ya sukari.

Kuoga kungoje saa 24. Kitovu kiachwe wazi na kikavu. Usipake majivu, mavi ya ng'ombe wala dawa ya meno. Mkunga akikupa dawa ya kitovu, paka hiyo tu. Na mtoto akizaliwa mdogo, dawa yake kubwa mama anayo: kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Hospitali Kuu ya Zomba ilianza huduma hii mwaka 1999, nayo imeenea nchini. Baba naye anaweza kumbeba hivyo mama anapopumzika.

6. Safari ni sehemu ya maandalizi

Mkoba uliojaa haufiki hospitali wenyewe. Mimba ikipata tatizo Dzaleka, rufaa ni Hospitali ya Wilaya ya Dowa, na pengine Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Kwa wa Area 18, kituo chenu cha afya kiko karibu, lakini rufaa huwapeleka Bwaila au Kamuzu. Huduma katika hospitali za serikali ni bure. Gharama iko njiani na kwenye chakula cha msindikizaji, kwani ndiye anayepika, anayefua na anayekimbizwa dukani.

Kwa hiyo familia ijibu mapema: usiku wa manane, kabaza gani atakubali kutubeba? Namba yake iko kwenye simu ya nani? Nani atabaki na watoto wengine? Nani atasindikiza? Akiba iwekwe kidogo kidogo kupitia likelemba au banki mkhonde, na kikundi kikubaliane kwamba mjamzito wa miezi saba apewe zamu yake kabla ya wengine.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila mwanamke aliyekosa hedhi apime na aandikishwe kliniki kabla ya wiki 12. Pili, waume waingie kliniki pamoja na wake zao angalau mara moja, wasikie dalili za hatari kwa masikio yao. Tatu, viongozi wa mitaa ya kambi, yaani Kawale, Likuni, Lisungwi na Katubza, wawe na orodha ya wakalimani wa kujitolea wanaoweza kuitwa usiku. Nne, Redio Yetu ya Dzaleka iombwe kurudia dalili za hatari kwa lugha zetu zote, mara kwa mara. Tano, makanisa na misikiti yanayochangia sherehe za mtoto yaanze kuchangia nauli na plastiki kabla hajazaliwa.

Kazi ya vikundi

Kabla ya chakula cha mchana, kila familia iandike kwenye karatasi mambo manne: tarehe ya kutarajia, kituo cha kujifungulia, jina la msindikizaji, na pesa iliyopo mkononi leo. Asiyejua kuandika aandikiwe. Mwenye pengo katika lolote kati ya hayo manne alitaje hapa mbele yetu bila haya, ili kikundi chake kimsaidie kuliziba kabla hatujatawanyika jioni hii.