Kizunguzungu cha Uzeeni: Tusikifiche

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika sherehe za kumbukumbu ya hekalu)



Tumeombwa tuseme neno juu ya afya ya wazee. Sisi si tabibu. Elimu yetu iliishia sekondari, na umri wetu umepita dukani kati ya majora ya vitambaa. Tutasimulia yaliyotufika na yale tuliyofundishwa na waliotutibu.

Asubuhi moja tulipogeuka kitandani, chumba kizima kilizunguka kama pia. Haikutimia dakika, kikatulia. Kesho yake dukani tuliinua uso kutafuta jora kwenye rafu ya juu, dunia ikazunguka tena. Tukajiambia ni presha, au ni uzee, tukanyamaza. Tukaacha kuinama mbele ya murti. Wakati wa aarti tukasimama nyuma, tukisingizia magoti. Wajukuu wakadhani imani yetu imepoa, kumbe tulichelea kuanguka mbele ya watu. Mwishowe tulianguka bafuni, peke yetu, na mkono ukavunjika. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Daktari wa masikio alitulaza chali kwa haraka, kichwa kimegeuzwa upande, akayatazama macho yetu yakichezacheza. Akatueleza kwamba ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno vya chokaa, vinavyotusaidia kuhisi mwendo wa kichwa. Umri unaposonga, au kichwa kinapogongwa, vijiwe hivyo huweza kubanduka na kutumbukia katika mojawapo ya mifereji mitatu yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji husukumwa, na ubongo hudanganyika kuwa mwili unazunguka.

Tiba yake kuu si kidonge. Daktari Mmarekani, John Epley, alibuni namna ya kuvirejesha vijiwe hivyo, akaichapisha mwaka 1992. Mgonjwa huketi kitandani akielekeza uso upande wa sikio lenye ila, hulazwa chali, kichwa kikining'inia kidogo, kichwa hugeuzwa upande wa pili, kisha hulalia ubavu huo, uso ukielekea chini, ndipo huinuliwa. Katika kila hatua hungojewa nusu dakika hadi dakika moja. Sisi tulifanyiwa mara mbili, tukapona. Huweza kurudi, na tiba hurudiwa vilevile. Lakini mara ya kwanza afanye mtaalamu, naye aambiwe mapema kama shingo au mgongo una maradhi.

Kiko kizunguzungu kingine, kinachokuja mtu anaposimama. Hicho mara nyingi ni presha kushuka, kwa sababu ya dawa au upungufu wa maji. Hivyo wenzetu mnaofunga Ekadashi bila maji, jihadharini. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha simama polepole. Dawa ya presha usiiache bila kumwuliza daktari.

Na kama kizunguzungu kinafuatana na ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutembea au kichwa kuuma ghafla kupita kiasi, usingoje kupambazuke. Hospitali saa ile ile.

Tuna ombi kwa Kamati. Ngazi za hekalu zitiwe vishikio pande zote mbili, na viti viwekwe karibu na ukuta, ili mzee asiyeweza kuinama afanye pranam akiwa ameketi. Nanyi vijana, mkimwona mzee ameanza kusimama nyuma, msimhukumu. Mwendeeni, mkamwulize taratibu kinachomsumbua. Sisi laiti tungeulizwa, au laiti tungesema, mkono wetu ungekuwa mzima.

Leo asubuhi tumeinama tena mbele ya murti, tukainuka salama.

Jai Shri Krishna.