Dalali Anaposaini kama Shahidi



Naomba tuanze na karatasi. Ni hati ya mauziano, imechapwa stesheneri, ina muhuri wa serikali ya mtaa, na chini kuna mistari ya mashahidi. Yule aliyemtafuta mnunuzi, akamtembeza, akamwapia kwamba eneo halina mgogoro, kisha akachukua chake, amesaini hapo kama shahidi. Neno dalali halimo popote. Shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wanaovutana ni muuzaji na mnunuzi. Yeye anaitwa kutoa ushahidi, akipatikana.

Wenzetu wa nchi nyingine humshtaki dalali mwenyewe. Kenya ina sheria ya mawakala wa majengo tangu 1984, na bodi ya kuwasajili. Marekani wakala hafanyi kazi bila leseni, na wengi wana bima ya kulipia uzembe wao. Sisi Tanzania tuliwatungia wathamini sheria yao mwaka 2016. Dalali wa viwanja anahitaji simu na pikipiki tu.

Kutokana na hilo wengi huamini kwamba dalali hashikiki. Hawako sahihi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala. Wakala anatakiwa kuifanya kazi kwa umakini, na kutoa hesabu ya alichopokea kwa niaba ya aliyemtuma. Hapo ndipo “cha juu” kinapogeuka kesi. Muuzaji anataka milioni 4, dalali anamtajia mnunuzi milioni 5 na nusu, tofauti inaishia mfukoni. Mtaani huo huitwa ujanja wa mjini. Kisheria ni fedha ambayo muuzaji ana haki ya kuidai, ikiwa hakujulishwa wala hakuridhia.

Lakini hasara kubwa zaidi ya ukanda wa dhahabu wa Kahama, Katoro na Geita haiko kwenye cha juu. Iko kwenye yale ambayo dalali hakuyasema. Rashi ikitokea, yaani watu wakimiminika kwenye dhahabu mpya, shamba la mihogo linakatwa vipande vya vibanda, makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu kabla mwenye shamba hajavuna, na hakuna anayeuliza ardhi hiyo ni ya kijiji au la. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Saini ya mwenyekiti peke yake si halmashauri.

Halafu kuna kilicho chini ya udongo. Madini ni mali ya Jamhuri, na leseni ya uchimbaji inaweza kulala juu ya shamba la mtu aliyezaliwa hapo. Sheria ya Madini inamruhusu aliye ndani ya eneo la leseni ya uchimbaji kulima na kuchunga mifugo mradi asiingilie uchimbaji. Kujenga ni mpaka mwenye leseni aridhie. Wakazi wa Geita walio ndani ya vigingi vya leseni ya mgodi mkubwa wamelalamikia hali hiyo miaka mingi. Sasa dalali anayemuuzia mtumishi aliyehamia juzi “kiwanja cha kujenga” ndani ya vigingi, amemuuzia nini? Shamba la mahindi kwa bei ya kiwanja. Na ramani ya leseni haikufichwa: inaonekana mtandaoni, na Afisa Madini Mkazi anaulizika. Kwa maoni yangu, kutokwenda kuuliza ndiko uzembe wenyewe, hata kama dalali hakudanganya kwa neno lolote.

Madalali hujitetea kwamba wao wanaonyesha tu, hawauzi. Mwongoza watalii pia anaonyesha, ila hachukui asilimia 10 ya Serengeti.

Sheria mahsusi ya sekta ya milki inahitajika, na Wizara ya Ardhi isichoke kuisukuma. Kabla haijaja, ninyi mnaonunua daini mstari mmoja uongezwe kwenye karatasi: jina la dalali, kazi aliyoifanya, ada aliyolipwa, na mambo aliyoyathibitisha. Akikataa kusaini kama dalali, ondokeni na fedha zenu. Wenye karatasi za zamani watazame tarehe leo usiku: madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6, ya uzembe baada ya miaka 3.