Tope la chooni chini ya mkorosho

Wasikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa, leo nataka tuzungumzie kitu ambacho hakitajwi wakati wa kula, kwa hiyo mwenye sahani mbele yake aniwie radhi. Ni topekinyesi, ile shehena inayoondoka na gari la majitaka likishanyonya choo cha shule au cha nyumba ya wageni.

Shehena hiyo haitapungua. Maji ya bomba yakifika nyumbani, kama haya ya chanzo cha Mbwinji yanayoletwa na mamlaka ya maji, MANAWASA, choo cha shimo huanza kukipisha choo cha kuvuta, na karo lake siku moja litajaa. Upande wa pili yupo mkulima anayekumbuka mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ulipopita shilingi laki moja, hadi ruzuku ya serikali ilipoushusha kufika 70,000. Mtu huyo akiliona gari la majitaka linapita, ana haki ya kuuliza: kwa nini lisije kumwaga kwangu?

Swali lake si la kipuuzi. Tope hilo lina naitrojeni na fosforasi, na lina mboji ambayo ardhi yetu ya kichanga inaililia. Potasiamu ni kidogo tu, kwa sababu huondoka na maji. Milwaukee, kule Marekani, wanauza mbolea ya majitaka tangu mwaka 1926. Hapa jirani, Nairobi, kinyesi cha vyoo vya Mukuru kimekuwa kikiozeshwa na kampuni ya Sanergy na kuuzwa kwa wakulima kama mbolea.

Ni kweli wapo walioikataa. Uswisi iliizuia mashambani, na jimbo la Maine, hukohuko Marekani, likaipiga marufuku mwaka 2022 kwa ajili ya kemikali za viwandani zisizooza. Sisi viwanda hivyo hatuna, ingawa Ruangwa ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na penye dhahabu zebaki haiko mbali. Tope la huko lipimwe kwanza.

Hofu yangu kubwa ni minyoo. Mayai yake hukaa udongoni kwa miaka, na safura hupenya kwenye nyayo za mtu anayetembea peku. Sasa tazameni tunavyovuna korosho. Hatupandi mtini kuchuma. Bibo linadondoka lenyewe, na mama anainama chini ya mkorosho, mtoto yuko pembeni yake, wanaokota, wananyofoa korosho kwa vidole, na bibo zuri linaliwa palepale. Anayesema mkorosho ni mti mrefu, kwa hiyo tope halitaugusa mdomo wetu, hajawahi kuokota korosho.

Kwa hiyo gari lisimwage shambani moja kwa moja, hata kama dereva ni shemeji yako. Tope lianikwe kwenye vitanda vya kukaushia, kisha lihifadhiwe pakavu. Kwa joto la kwetu, Shirika la Afya Duniani linashauri likae zaidi ya mwaka mmoja. Mwenye haraka alichanganye na majani na maganda, alirundike, na katikati ya rundo joto lipite nyuzi 50 kwa wiki nzima au zaidi. Halafu lifukiwe baada ya mavuno, kwenye mfereji unaozunguka mti pale matawi yanapoishia. Kwenye mahindi, lifukiwe kabla ya kupanda. Kwenye mchicha na nyanya msiliweke kabisa.

Ardhi hii imewahi kuchezewa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga kule Kongwa, ukafika hadi Nachingwea, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Matrekta yalitangulia, kuujua udongo kukafuata nyuma. Mwaka 1951 mradi ukafa, na baadaye hata reli iling'olewa.

Safari hii tuanze kidogo. Halmashauri zetu mbili zitenge eneo la vitanda vya kukaushia, mbali na visima, kabla ya kununua gari jingine lolote la majitaka. Watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wapewe mikorosho michache na robo eka ya mahindi, wahesabu mayai ya minyoo na kupima mavuno kwa misimu mitatu, kisha waje hapa studio watueleze walichokiona. Kipaza sauti kipo.