Bili ya Stima Isipolipika: Familia Ianzie Wapi

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wakazi wa Kaunti ya Kakamega.



Kuna shida ambayo haitajwi sana barazani kwa sababu ina aibu ndani yake. Barabara ikiharibika, watu husema. Dawa zikikosekana zahanati, watu husema. Lakini mtu ambaye nyumba yake imekaa siku 4 bila tokeni hanyanyui mkono. Huwasha koroboi, hufunga pazia, na kuwaambia watoto kwamba transfoma ya mtaa imeharibika. Jirani naye hufanya hivyo hivyo, na kila mmoja hudhani yuko peke yake.

Leo shida hiyo itajwe wazi. Kushindwa kulipa stima, gesi au makaa si uvivu. Karo, unga na nauli hutoka mfuko ule ule, na mfuko wenyewe ni mmoja. Mazungumzo haya hayataongeza pesa mfukoni mwa mtu. Yataeleza bili inatoka wapi, ni wapi inaweza kupunguzwa, na mtu afanye nini ikiwa tayari imemshinda.

Bei ya stima hupangwa na nani

Wakazi wengi huja ofisi za kaunti wakiomba bei ishushwe. Ni vyema ukweli ujulikane ili mtu asipoteze nauli. Bei ya stima haipangwi na serikali ya kaunti. Huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli iliyowekwa na Sheria ya Nishati ya 2019. Kampuni ya Kenya Power ndiyo huuza na kukusanya malipo.

Anayenunua tokeni ya Sh200 hapati stima ya Sh200. Ndani ya pesa hizo kuna malipo ya mafuta yanayotumika kuzalisha stima, ambayo hupanda pale mabwawa ya Mto Tana yanapopungua maji na mitambo ya mafuta kuwashwa zaidi. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni, ambayo hupanda shilingi inapodhoofika, na marekebisho ya mfumuko wa bei. Kuna ada ya kupeleka stima vijijini, ambayo ni asilimia 5 ya bei ya msingi, kisha kodi ya VAT ya asilimia 16. Baadhi ya malipo haya hubadilika kila mwezi. Ndiyo maana pesa zile zile huleta yuniti nyingi mwezi huu na chache mwezi ujao, hata kama mita haina kasoro.

Mkazi aliyeunganishiwa stima kupitia mradi wa Last Mile, ulioanza 2015, alitakiwa kulipa Sh15,000, na wengi walichagua kulipa kidogo kidogo. Deni kama hilo huweza kukatwa mtu anaponunua tokeni. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu mita, asome ujumbe wa tokeni mstari kwa mstari.

Mipaka miwili: yuniti 30 na yuniti 100

Hapa ndipo penye pesa. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. La pili ni wanaozidi 30 hadi 100. La tatu ni wanaopita 100. Kabla ya hapo, bei nafuu ilifika hadi yuniti 100, na ndiyo sababu familia nyingi ziliona bili ikiruka ghafla ingawa hazikununua kifaa kipya.

Viwango vya msingi vilivyotangazwa wakati huo vilikuwa Sh12.22 kwa yuniti katika fungu la kwanza, Sh16.30 katika la pili, na Sh20.97 katika la tatu, kabla ya ada na kodi. EPRA huvipitia viwango hivi, kwa hiyo kila mtu aangalie vya sasa. Mpango wenyewe ndio wa kushikwa: fungu huamuliwa na wastani wa matumizi ya miezi 3, na ukivuka mpaka, yuniti zako zote hulipiwa kwa bei ya fungu jipya, si zile za ziada peke yake.

Chukua nyumba inayotumia yuniti 29. Kwa viwango hivyo hulipa Sh354.38. Nyumba inayotumia yuniti 32 hulipa Sh521.60. Yuniti 3 tu zimeleta tofauti ya Sh167.22, na kodi bado haijaongezwa. Familia inayoelea karibu na mpaka ndiyo inayofaidika zaidi kwa kupunguza hata kidogo.

Wapo wanaoamini kwamba kununua tokeni kidogo kidogo huleta hasara. Malipo ya kudumu ya Sh150 kwa mwezi yaliondolewa 2018. Mwenye kipato cha kila siku, kama muuza mboga au mwendesha bodaboda, anaweza kununua kulingana na alichopata bila kuadhibiwa na ada hiyo.

Mita moja, ploti nzima

Wapangaji wa Amalemba, Lurambi, Mumias, Butere na miji mingine wasikilize sehemu hii kwa makini. Ploti nyingi zina mita moja ya Kenya Power, na mwenye nyumba hugawa bili. Tuseme nyumba 6 ziko ploti moja na kila moja hutumia yuniti 25. Kila familia peke yake ingekuwa fungu la kwanza na kulipa Sh305.50 ya msingi. Lakini mita huona yuniti 150, fungu la tatu. Kila familia sasa hulipa Sh524.25. Mama anayewasha taa mbili na redio analipa kwa bei ya mtu mwenye nyumba kubwa.

Hakuna aliyeiba hapo, ila wenye kidogo ndio wanaoumia. Dawa ni kila nyumba iwe na mita yake kutoka Kenya Power. Zile mita ndogo ambazo mwenye nyumba hufunga mwenyewe husaidia kugawa bili kwa haki, lakini hazibadilishi fungu. Wapangaji waende kwa mwenye nyumba pamoja, wakiwa na hesabu kama hii mkononi, wala si mmoja mmoja kwa malalamiko. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kinachokula yuniti

Yuniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja. Kwa kipimo hicho kila mtu anaweza kukagua nyumba yake.

Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia yuniti 1.35 kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa saa zile zile hutumia yuniti 9. Nyumba yenye balbu 3 za zamani imemaliza yuniti 27 kwa mwanga tu, na mpaka wa 30 uko mlangoni.

Televisheni ya wati 60 kwa saa 5 kwa siku ni yuniti 9 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 ni yuniti moja kwa kila saa, kwa hiyo nguo za shule zinyooshwe zote kwa pamoja Jumapili badala ya moja moja kila asubuhi. Mafungu makubwa huliwa na vitu vya kupasha joto: koili, birika la stima, na bomba la maji moto bafuni. Bomba la wati 5,000 likiwashwa dakika 12 kila siku hutumia yuniti 30 kwa mwezi. Watu 2 wakioga hivyo, ni yuniti 60. Kuchaji simu, jambo ambalo watoto hugombezwa kila siku, ni kidogo mno kuweza kuivunja nyumba.

Jikoni

Kwa familia nyingi za kaunti hii, bili kubwa iko jikoni. Makaa yakinunuliwa kwa mkebe kila siku ni ghali kuliko gunia, lakini mwenye mkebe hana pesa za gunia. Mtungi wa gesi nao hutaka pesa nyingi kwa siku moja. Kodi ya VAT kwa gesi ya kupikia iliwekwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 Julai 2022, na ikaondolewa Julai 2023. Hata hivyo, kuujaza mtungi bado ni mzigo. Chama kinaweza kuubeba: wanachama 12 wakichanga kila wiki, zamu ya mtungi inaweza kuzunguka kama inavyozunguka zamu ya vyombo au mabati.

Mawe matatu hula kuni nyingi kwa sababu joto hutoroka pande zote. Jiko lenye kikombe cha udongo hulizuia joto hilo lisitoroke. Ufinyanzi si kitu kigeni hapa. Vyungu vya Ilesi, kando ya barabara ya kwenda Kisumu, vinajulikana mbali. Kuni zikikauka vyema na kupasuliwa nyembamba, moshi hupungua na chache hutosha. Na anayetegemea Msitu wa Kakamega aokote kuni kavu kwa kibali cha Shirika la Misitu, Kenya Forest Service. Huo ni msitu wa mvua ambao Kenya haina mwingine wa aina yake, na mti mbichi ukikatwa leo mjukuu ndiye atakayeulipia.

Githeri na maharagwe yalowekwe usiku kucha. Bibi zetu walijua jambo hili, kama walivyojua kulainisha mboga kwa musherekha. Chungu kikishachemka vizuri, kinaweza kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu na majani makavu ya mgomba, kikafunikwa, na chakula kikaendelea kuiva bila moto.

Sufuria ya presha ya stima nayo haitumii stima nyingi kama watu wanavyoogopa. Ikishapata presha hujizima na kujiwasha yenyewe, na chungu cha maharagwe yaliyolowekwa huiva bila kufikisha yuniti moja. Lakini aliye karibu na yuniti 30 apige hesabu kwanza, asije akaokoa makaa na kuvuka mpaka.

Bili ikiwa tayari imekushinda

Hatua ya kwanza, asinyamaze. Mwenye mita ya kulipa mwisho wa mwezi asome namba za mita na kuzilinganisha na bili, kisha azipige picha. Kama bili ilikadiriwa, namba hizo ndizo ushahidi wake.

Hatua ya pili, afike Kenya Power kabla stima haijakatwa, au apige 97771, au atumie *977#. Anaweza kuomba kulipa deni kwa mafungu. Aahidi kiasi anachoweza, kwa sababu ahadi ikivunjwa mwezi wa kwanza, ya pili itakuwa ngumu kukubaliwa. Malipo yafanywe kwa namba rasmi pekee: 888880 kwa tokeni na 888888 kwa bili. Asitume pesa kwa simu ya mtu binafsi, hata akivaa koti la kazi.

Hatua ya tatu, kama malalamiko hayakutatuliwa, ayapeleke EPRA kwa maandishi. Juu ya EPRA kuna mahakama maalum ya nishati na petroli.

Hatua ya nne, aliye na mzee wa miaka 70 na zaidi, yatima au mwenye ulemavu mkali nyumbani amwone chifu au mzee wa mtaa kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali ya kitaifa wa Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo si za stima, lakini mfuko ni ule ule mmoja.

Njia zisizofaa

Kuna njia tatu ambazo shida huwasukumia watu. Ya kwanza ni kuvuta waya kutoka kwa laini au kuipita mita. Ni kosa kisheria, na pia ni kifo kinachosubiri mvua inyeshe juu ya mabati. Ya pili ni kukopa kwa simu kila wiki ili kununua tokeni, hadi riba inapita bei ya stima yenyewe. Ya tatu ni kuingiza jiko la makaa chumbani usiku ili kupata joto, kisha kufunga madirisha. Gesi yake haina harufu, na waliolala nayo wengi hawakuamka. Jiko libaki nje, hata usiku uwe baridi vipi.

Wakazi wa Kakamega, mtoto anayesoma kwa koroboi hawezi kuhesabu yuniti wala kuzungumza na mwenye nyumba. Anamtegemea mtu mzima akubali kusema, “Tumekwama,” kisha aende anakosikilizwa. Jioni hii, kila nyumba ichukue ujumbe wa tokeni za miezi 3 iliyopita, ijumlishe yuniti, na kugawa kwa 3. Nyumba ikishajua namba hiyo, itajua iko upande gani wa mpaka na ianzie wapi.