Pikipiki ya Zamani Ikikataa Kuwaka: Itafute Cheche Kabla ya Kufungua Mfuko

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa Tawa, mbele ya wenye pikipiki na mafundi.)



Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri maneno. Lakini nimerithi kwa babu yangu pikipiki ya BSA Bantam, nayo imenifundisha mengi kwa kunisukumisha katika vilima vyetu hivi vya Mbooni.

Usiku mmoja wa mvua ya Novemba, mama mmoja jirani alinigongea mlango, mgongoni amembeba mtoto mwenye homa kali. Nikapiga kiki mpaka goti likauma, na mashine isiseme neno. Tukambeba mtoto kwa miguu mpaka barabara kuu tukapata gari. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini aibu ile haijanitoka. Kesho yake fundi mmoja akaniambia magneto imekufa. Nikauza mbuzi wawili, nikanunua magneto nyingine, tukaifunga kwa waya ule ule wa plagi, na pikipiki isiwake. Mwishowe tuligundua kwamba kosa lilikuwa katika waya huo: ngozi yake ilipasuka kwa uzee, maji ya mvua yakaingia, na umeme ukapotelea njiani. Mbuzi wawili wamekwenda kwa sababu ya waya mfupi kuliko mkono wangu.

Basi neno langu leo ni moja tu: anzeni kwenye plagi, mrudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye magneto. Msinunue kitu chochote kabla ya kukipima cha zamani.

Yafaa kwanza kufahamu cheche inatoka wapi. Bantam ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 hata 1971, kwa kufuata mfano wa pikipiki ya Kijerumani, DKW. Nyingi kati ya zile za kwanza hazihitaji betri ili kuwaka. Gurudumu zito lenye sumaku huzunguka kando ya koili ya waya, na umeme huzaliwa humo. Pointi, yaani vile vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana, zikifunguka ghafula hukata umeme huo, na koili huugeuza kuwa umeme wenye nguvu ya maelfu ya volti, ambao huruka kwenye plagi. Vijana waliojifunza kazi kwa Boxer na TVS wajue kwamba pikipiki hizo hazina pointi. Kwa hiyo mazoea yao peke yake hayatoshi hapa.

Hatua ya kwanza ni plagi. Ukisha kupiga kiki mara kadhaa, ifungue uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Safisha bomba na kabureta. Ikiwa imelowa, petroli imefika na haikuwashwa. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, usishangae, maana injini hii huchoma oili pamoja na petroli. Isugue kwa brashi, uikaushe, na nafasi ya ncha zake iwe karibu milimita 0.5.

Hatua ya pili, jaribu cheche. Rudisha plagi katika waya wake, ulaze mwili wake wa chuma juu ya injini, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli iliyomwagika, kisha mwenzako apige kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Nyembamba yenye rangi ya manjano au nyekundu ni dhaifu. Usiishike plagi kwa mkono mtupu. Wala usiiache ikining'inia bila kugusa chuma, kwa kuwa umeme ukikosa njia ya nje hujitoboleza njia ndani ya koili, na hapo ndipo unapoiua kweli.

Tena, cheche ya nje huweza kutudanganya. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, na umeme huhitaji nguvu zaidi kuruka. Kwa hiyo toa plagi, uufunge waya kwenye kijiti kikavu, uweke ncha yake karibu milimita 5 kutoka kwenye chuma cha injini. Cheche ikiruka hapo bila kusita, magneto yako ni nzima.

Hatua ya tatu ni waya na kofia ya plagi. Upime usiku, mahali pasipo taa. Ukiona vimulimuli vya umeme vikirukia fremu, waya umepasuka, badilisha. Waya mpya ni rahisi kuliko mbuzi.

Hatua ya nne ni pointi, nazo ndizo zenye makosa mengi kupita yote. Vumbi letu, unyevu na ukungu wa oili huzipaka utando usioonekana kwa urahisi, na pikipiki iliyolala miezi mingi mara nyingi huwa na kosa hili tu. Zisugue kwa tupa laini, upitishe karatasi safi katikati yake. Kisha pima nafasi zinapofunguka kabisa: katika Bantam zenye magneto ya Wico-Pacy ni inchi 0.015, yaani karibu milimita 0.4, magneto nyingi za Lucas za pikipiki kubwa hutaka inchi 0.012, yaani milimita 0.3. Msikisie kwa macho, kwa maana nafasi hiyo ikibadilika, wakati wa cheche hubadilika pia.

Hatua ya tano ni kondensa, kile kikopo kidogo kinachokaa karibu na pointi. Kazi yake ni kuzuia umeme usiwake kwenye pointi zinapofunguka. Ukiona pointi zinawaka sana na kuungua upesi, au mashine inawaka ikiwa baridi kisha inazimika ikipata moto na kukataa mpaka ipoe, shuku kondensa kwanza. Koili nayo huweza kuleta dalili hiyo hiyo ya moto, lakini bei yake ni kubwa. Basi anza na kilicho rahisi.

Hatua ya sita, ikiwa pikipiki yako ina kitufe cha kuzimia, ung'oe kwa muda waya wake unaokwenda kwenye magneto. Waya huo ukichubuka na kugusa fremu, injini huwa kama iliyozimwa siku zote.

Ni baada ya hatua hizi sita tu ndipo inapokupasa kuishuku koili au sumaku yenyewe. Na ikiwa cheche ni njema lakini mashine haiwaki, acha umeme: tafuta petroli iliyozeeka ndani ya tangi, tundu lililoziba la kabureta, au pistoni isiyoshindilia hewa vizuri.

Ndugu zangu, fanyeni kazi hii siku ya Jumamosi, jua likiwaka na mkiwa na nafasi. Msingojee usiku wa mvua na mgonjwa mlangoni. Wekeni chini ya kiti plagi moja ya akiba, kipande cha tupa laini na vibati vya kupimia nafasi. Andikeni katika daftari kila mlilopima na mlilobadilisha, ili fundi atakayekuja asianze upya kwa fedha zenu.

Nasikia wengine wanataka kuziuza pikipiki za wazee wao kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu zimenyamaza. Sisi Wakamba ni watu wa uhunzi tangu kale, na Waswahili husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kabla hujaiuza, toa plagi yake uitazame. Huenda kinachokosekana ni karatasi safi kati ya pointi mbili.