Saa Nane Si Masaa Nane
(Mazungumzo ya muuguzi kwa vikundi vya mwethya)

Mvua za Novemba zikinyesha huku Kitui na Makueni, mbu nao huja. Lakini si kila homa ni malaria. Mtoto apimwe damu kwanza.

Akipatikana nayo, hupewa vidonge vya AL, ambavyo Kenya ilivichagua mwaka wa 2004 baada ya SP kushindwa na ugonjwa. Dozi ni sita kwa siku tatu. Mama mmoja alimpa mtoto ya kwanza mbele yangu saa nne asubuhi. Nikamwambia, "Ya pili, baada ya masaa nane." Akampa saa nane mchana! Masaa manne tu. Kosa lilikuwa langu. Sasa husema, "Ya pili ni saa kumi na mbili jioni, kuku wakiingia. Kesho na kesho kutwa, asubuhi na jioni." Naye hurudia, nisikie.

Dawa hii hutaka mafuta ndiyo iingie vizuri mwilini, basi mpe na maziwa au chakula. Akiitapika kabla ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, halafu uje uchukue nyingine ya kujaza pengo.

Homa ikishuka siku ya pili, wengi wetu huficha vidonge vilivyobaki vimngoje ndugu yake. Jamani! Huyu malaria itamrudia, na yule hataponywa na nusu dozi.

Akishikwa na degedege, au akishindwa kunyonya, usingoje saa ya dawa. Mkimbize hospitali, hata kama ni usiku.